Hakupotea Baharini

Mwalimu alikuwa na tabia ya kulamba vitu. Akiokota kipande chochote kigumu, njiani, bustanini, hata pembeni mwa sahani ya mtu, alikigusisha kwenye ncha ya ulimi, akatulia kama anayeonja chumvi ya mchuzi, kisha akatoa hukumu. Mfupa mkavu hunata ulimini, jiwe halinati. Ndivyo wanavyofundishana wachimbaji wa mambo ya kale, na yeye hakuweza kuiacha kazi yake kazini. Mke wangu alimtengea kikombe chake peke yake, kile chenye ufa.

"Mbona mimi kila siku hiki?" aliuliza safari moja.

"Hivyo vingine ni vya watu wasiolamba makaburi," mke wangu akamjibu. "Kunywa, shemeji, chai inapoa."

Akacheka, akanywa. Wakati ule alikuwa mwepesi wa kucheka.

Sote tulimwita Mwalimu, kwa sababu aliwahi kufundisha historia Mombasa kabla ya kuja kusoma Birmingham, na kwa sababu popote alipokaa hakuacha kufundisha. Jina lake nalijua, nimemwombea dua kwa jina hilo miaka mingi, lakini hapa sitaliandika. Alipofariki alikuwa ameshahamia mji mwingine, na waliomwosha ni watu wasiomjua. Nalisema mapema ili lisinikwame kooni baadaye.

Nitangulize shukrani, maana bila yeye sijui tungelala wapi. Nilifika kutoka Unguja mwishoni mwa miaka ya sitini, mimi, mke wangu na watoto, katika mvua nyembamba isiyomlowesha mtu nguo bali mifupa. Mwalimu alikuja stesheni kumpokea mtu mwingine, na mtu huyo hakutokea. Akatuona. Alimvika mke wangu koti lake, yeye akabaki na sweta, akatupeleka mtaa wa Balsall Heath kugonga milango. Mlango mmoja ulifunguliwa upana wa uso, ukafungwa. Mwingine haukufunguliwa, pazia tu likatikisika. Kila tulipokataliwa alisema, "Haya, hapo tushapajua, twende mbele," kama mtu anayepima shamba. Tulipopata chumba hatimaye, alikataa kuingia ndani. Alisema wageni ni sisi, tuingie kwanza wenyewe, tukae, ndipo tumkaribishe. Nikamkaribisha, akaingia kwa salamu kana kwamba nyumba ile ni yangu tangu babu.

Hii ndiyo heshima aliyokuwa nayo. Ndiyo maana mengine yaliniuma.

Kazi ya maisha yake ilikuwa watu wa bahari ya mbali, Pasifiki. Kabla sijamjua alikwenda huko na msafara wa wataalamu, wakachimba ufukwe wa kisiwa kimoja kidogo na kukuta masalio ya watu wa kwanza kukaa pale. Walikuta vigae vya vyungu vyenye nakshi ya vitone, vilivyopigwa kwenye udongo mbichi kwa kitu chenye meno kama kitana. Walikuta mifupa ya kuku na nguruwe, na vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, jiwe ambalo kisiwa kile hakina. Siku zile walikuwapo wataalamu waliosema watu hao walifika kwa bahati tu: walikuwa wavuvi, upepo ukawachukua, wengi wakafa, wachache wakatupwa ufukweni. Mwalimu aliyachukia maneno hayo kama mtu aliyetukaniwa mama.

Mezani kwetu alipanga punje za wali zikawa visiwa, kijiko kikawa chombo.

"Shehe," aliniambia, "wewe ukipotea, unabeba nini?"

"Sibebi kitu. Nimepotea."

"Basi hawa walibeba jogoo na mitetea. Walibeba nguruwe..."

"Audhubillahi," mke wangu akasema.

"Niwie radhi, shemeji, ndicho chakula chao. Walibeba mbegu za magimbi, wamezifunga kwa majani mabichi zisiguswe na maji ya chumvi. Walibeba wanawake. Mvuvi gani aendaye kuvua na mkewe, na kuku wake, na shamba lake?"

"Anayemkimbia mama mkwe."

Hata yeye alicheka, lakini hakuacha. Jiwe jeusi, alisema, limetoka kisiwa cha mbali mno, na limeonekana hata kwa wajukuu na vitukuu wao, maana yake walikuwa wakilirudia. "Aliyepotea hana njia ya kurudia jiwe, Shehe. Hawa walikusudia. Walitia nia, kama unavyotia nia wewe kabla ya kusali."

Kulikuwa na basi, namba kumi na moja, ambalo huuzunguka mji wote: Erdington, Perry Barr, likateremka hadi Selly Oak, likarudi lilikoanzia. Siku za baridi kali Mwalimu alikata tikiti, akakaa ghorofa ya juu na kitabu chake, akasoma mzunguko mzima, kwa kuwa basini mlikuwa na joto kuliko chumbani kwake. Alikuwa akisema hapo ndipo mahali pekee Birmingham mtu mweusi anaweza kupotea bila kuulizwa anatafuta nini.

Siku moja msimamizi wetu kiwandani, tulikokuwa tukifua vyuma, aliniuliza ni upepo gani ulionitupa hapa. Nilicheka, naye akacheka, tukaendelea na kazi. Jioni nikamsimulia Mwalimu nikidhani ni kichekesho. Hakucheka.

"Kesho mwambie ulikata tikiti," alisema. "Mwambie ulibeba mke, watoto na mbuzi ya kukunia nazi."

Ni kweli tuliibeba. Mke wangu aliifunga katikati ya nguo za watoto. Ndipo nilipofahamu kwamba Mwalimu alipowatetea wale wa visiwani alikuwa akitutetea na sisi.

Na mtu huyohuyo aliweka maiti kabatini.

Nililijua hilo siku alasiri iliponikuta chumbani kwake, Erdington. Nilimwuliza kibla. Akanionyesha, kisha akasita, akafungua kabati lililokuwa mbele yetu, akatoa sanduku la mbao, akalihamishia nyuma.

"Mna nini humo?"

"Mna mtu," alisema. "Tusali kwanza, nitakueleza."

Sala ile Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye niliisalije.

Aliyekuwamo ni mwanamke. Walimkuta chini ya vigae vya kale kabisa, amelazwa vizuri, na Mwalimu aliamini kwamba ni mmoja wa wale waliofika na chombo. Wanakijiji walikataa aondolewe. Mwenye ardhi ile alikuwa mama mmoja mzee, na wazungu wa msafara walimwendea na zawadi, wakashindwa. Mwalimu alikwenda peke yake, akakaa chini, akala naye shelisheli la kuchoma, na kwa kuwa lilikuwa kama shelisheli la kwetu akalia kidogo. Yule mama akamwambia, "Mchukue mkamsome, maana na sisi tunataka kujua. Lakini arudi. Huku alikuja kwa kutaka mwenyewe. Usimwache mahali asipopataka."

"Nikamwambia inshallah," Mwalimu alinieleza. "Akaniuliza maana yake. Nikamwambia ni ahadi ambayo Mungu ni shahidi wake."

Wakati ule katika mji huu walioweza kuosha maiti wa Kiislamu kwa utaratibu wake walikuwa wachache, na mimi nikiwa mmoja wao. Nilikwishaosha watu wazima, wazee, na mtoto mmoja ambaye bado namwona. Nikamwambia kama mtu anayeijua kazi hiyo: maiti ana haki, na ya kwanza ni kufikishwa ardhini upesi.

"Huyu alikuwa ameshafika, mkamtoa. Mrudishe, Mwalimu."

"Nimrudishe kabla sijamaliza kumsikiliza? Mwakani."

Mwakani ikafika, akasema mwakani. Kwanza palikuwa na vipimo vya meno. Kisha michoro. Kisha tasnifu ya udaktari, ambayo haikwisha, kwa kuwa kila alipotaka kuifunga walimwambia hajathibitisha watu wale walifika lini. Sikuwa na elimu ya kubishana naye. Nilikuwa na elimu nyingine, ndogo, kwamba ahadi haina mwakani.

Mtu asidhani alimdharau. Laiti angemdharau, ningemwelewa haraka. Alimwita Bibi, na hakumruhusu mtu kusema mifupa. Akitoka safari alipitisha mkono juu ya sanduku kabla ya kuvua koti. Kila Alhamisi jioni alimwomba mke wangu udi, akafukiza chumba, ili Bibi asikae katika harufu ya kabichi ya jirani. Aliweza kukuambia kwamba Bibi aliwahi kuumwa jino na akalivumilia miaka, kwamba alipiga magoti sana, kwamba mkono wa kulia ulikuwa na nguvu kuliko wa kushoto, huenda kwa kupiga kasia. Alipoyasema hayo sauti yake ilishuka kama ya mtu anayemzungumzia mama yake. Yote aliyajua, isipokuwa kwamba Bibi alitaka kwenda kwao.

Alikuwa na msemo: udongo hausemi uongo, mwenye jembe ndiye. Nilimkumbusha msemo huo baadaye, nikajuta kumkumbusha.

Yaliyotokea ni haya. Ziko maabara zinazoweza kupima umri wa mfupa wa kale, lakini kipimo chenyewe huula mfupa. Siku zile hawakutosheka na kidogo. Walitaka kipande kizito, wakakisafisha, wakakichoma mpaka kikawa hewa, na hewa ndiyo iliyopimwa. Mwalimu akatoa mifupa ya mapaja ya Bibi, yote miwili, akaipeleka. Hakuniuliza. Aliniambia ilipokwisha kuondoka, tukiwa juu ya lile basi la namba kumi na moja, tunapita Perry Barr.

Nikamwambia tulivyofundishwa chuo cha Kurani, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai.

"Huyo ni maiti wa Kiislamu, Shehe. Bibi aliutangulia Uislamu."

"Na ile ahadi ulimshuhudisha mungu wa nani?"

Akageukia dirishani.

Jibu la maabara lilichukua miezi. Lilipofika, lilisema Bibi alikufa zamani mno, zamani ambayo hakuna mtaalamu yeyote, wa upande wake wala wa upande wa pili, aliyeweza kuikubali. Kwa umri huo Bibi angekuwa amezikwa kisiwani kabla hakijakanyagwa na mtu. Mwalimu alilisoma jibu lile akaelewa papo hapo, na ndiyo sababu hakugombana na maabara.

Ilikuwa gundi. Walipomfukua, mifupa ilikuwa laini kama biskuti iliyolowa, ikimeguka kwa kuguswa. Wachimbaji walikuwa na gundi nyepesi ya kupaka kwa brashi ili mfupa ushikane. Wenzake walipaka mara moja, wakaenda kuoga baharini. Mwalimu alibaki. Alipaka, akasubiri ikauke, akapaka tena, na tena, na mapaja ndiyo aliyoyapaka zaidi kwa kuwa yalikuwa yamepasuka na yeye hakutaka Bibi avunjike njiani. Gundi ile imetengenezwa kwa mafuta ya petroli, nayo petroli ni vitu vilivyokufa kabla hajaumbwa mtu. Ikanywewa na mfupa mpaka ndani. Maabara walijaribu kuiosha, haikutoka yote. Walichopima ni Bibi pamoja na gundi.

"Na ulijua kwamba umempaka?" nilimwuliza.

"Nilijua. Nilidhani itaoshwa ikatoka."

Kisha akasema kwa utaratibu, kama anayemsomea mtu mwingine, "Nimempaka kwa huruma, nikamchoma kwa elimu, na nimekosa vyote viwili."

Walioamini habari ya upepo walilichukua jibu lile wakalicheka mikutanoni. Tasnifu ikafa. Wakubwa zake wakamsahau, na sanduku lake wakalisahau pamoja naye. Akapata kazi ya kupakia mizigo katika ghala moja. Na haikupita miaka mingi, wataalamu wengine, kwa vigae vingine na hesabu nyingine, wakaanza kusema yaleyale aliyoyasema mezani kwetu kwa punje za wali: watu wale walikusudia, walijua wanakokwenda, walikwenda na kurudi. Hakuna aliyemtaja. Alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, na ukweli wenyewe haukumfaa kitu. Nilimwambia Mungu ameuona. Akanijibu kwamba analijua hilo, na ndilo linalomnyima usingizi.

Tangu hapo hakulamba tena kitu. Mke wangu akaanza kumpa chai katika vikombe vya wageni, na sidhani kama aliona tofauti.

"Sasa mrudishe," nilimwambia. "Hicho kilichobaki."

"Nimrudishe bila miguu?"

Aibu ikachukua mahali pa elimu, na neno likabaki lilelile, mwakani.

Mwisho wa yote hakurudishwa, alifuatwa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Selly Oak walikuwa wakija wachungaji wa Kikristo kutoka nchi nyingi kusoma dini, na mmoja wao alitoka kisiwa kile. Yule mama mzee alikuwa amefariki, lakini kabla ya kufa aliwausia watu wake, na mchungaji alipoagwa kwao aliambiwa, "Huko Birmingham yuko bibi yetu. Usirudi bila yeye." Akaulizauliza chuo kikuu mpaka akampata mtu aliyemkumbuka Mwalimu. Mwalimu akaogopa kumpokea peke yake. Aliniomba sebule yangu, akaja na sanduku.

Mchungaji alikuwa mtu mrefu, mpole, wa makamo, katika koti lisilomtosha mikono. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na chake. Mke wangu alipika samaki wa nazi. Mchungaji alipoona mbuzi ya kukunia nazi mlangoni mwa jikoni alichuchumaa akaigusa, akasema kwao iko kama hiyo. Kwa muda mfupi tukawa kama watu wa mtaa mmoja.

Kisha akamwomba Mwalimu amwonyeshe Bibi.

Mke wangu akatandika shuka jipya jeupe juu ya zulia. Mchungaji akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kumtoa mfupa baada ya mfupa na kumlaza kama mtu anavyolala, kichwa, mabega, mikono, kila kimoja mahali pake. Nimelaza maiti wengi, na mkono wenye adabu naujua. Alipofika kiunoni akatafuta sandukuni, akatoa mifupa ya magoti na miundi na nyayo, akaipanga chini. Kati ya kiuno na magoti palibaki shuka tupu.

"Mapaja yako wapi?"

Mwalimu akamweleza. Hakuficha kitu, sio maabara, sio gundi, sio kwamba alijua. Alisimama muda wote kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Na mlikipata mlichokuwa mkikitafuta?"

"Hatukukipata."

"Kilikuwa nini?"

"Nilitaka kuthibitisha kwamba hakupotea. Kwamba alikuja kwenu kwa kukusudia."

Usoni mwa mchungaji sikuona hasira. Ingekuwa afadhali ningeiona.

"Kwetu tunaimba alivyokuja," alisema. "Jina la chombo tunalo. Nyota aliyoifuata tunayo. Watoto wanaijua. Hakuna hata mmoja kwetu aliyewahi kuuliza kama alipotea." Akaushika ukingo wa shuka. "Hakupotea baharini, bwana. Amepotea hapa."

Akamkunja Bibi pole pole ndani ya shuka, akamrudisha sandukuni. Mke wangu akamwambia shuka aende nalo. Mwalimu akainama alibebe sanduku mpaka kituo cha basi, na mchungaji akalitangulizia mkono.

"Hapana," alisema. "Ulishambeba."

Tulimsindikiza watu wawili, tukitembea nyuma yake. Tukapanda naye basi moja mpaka barabara ya mzunguko, na pale likaja la namba kumi na moja. Akapanda, akakaa chini karibu na mlango, Bibi mapajani mwake. Hakutupungia mkono. Likaondoka kuelekea Selly Oak.

Mwalimu alibaki kituoni akiangalia lilikopotelea. Mabasi mengine yakaja, hakupanda. Nikasimama naye, maana sikuwa na haraka, na yeye hakuwahi kuniacha kituoni.

"Siku yangu ikifika, Shehe," alisema, "unioshe wewe. Usimwachie mtu mwingine. Maji matupu. Usinipake kitu."

"Kuna kafuri ya kumpaka maiti, Mwalimu. Ni sunna."

"Hata kafuri."

Nikamtazama, nikaona hataki kubishana.

"Inshallah," nikamwambia.

"Hata mimi," akasema, "nilimwambia hivyo yule mama."